JE, WAJUA? Vidonge siku 5, mapafu miezi 3

Je, wajua kwamba mtoto wa Dongobesh na mtoto wa Dar es Salaam wakiugua nimonia ya aina moja, wa Dongobesh ndiye atakayehema zaidi? Dongobesh iko Uwanda wa Mbulu, mkoani Manyara, nao uko juu, sehemu zake nyingi zikipita mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na huko kila pumzi hubeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pumzi ya pwani. Mwenye mapafu mazima hana habari. Mwenye pafu lililojaa maji na usaha ndiye anayejua.

Je, wajua kwamba nimonia ya bakteria ina kalenda mbili? Ya kwanza ni ya dawa, nayo ni fupi: kwa mtoto asiyezidiwa siku 5, kwa mtu mzima asiyezidiwa siku 5 hadi 7. Ya pili ni ya mapafu, na hiyo hufuata njia yake. Huduma ya afya ya Uingereza huwapa wagonjwa wake ratiba bila kuficha: wiki 1, homa iwe imekwisha, wiki 4, kifua kimepata nafuu na makohozi yamepungua, wiki 6, kukohoa na kuhema kumepungua, miezi 3, dalili nyingi zimekwisha ila uchovu bado upo, miezi 6, wengi wamerudi kama walivyokuwa. Anayechanganya kalenda hizi huharibu kwa namna moja kati ya mbili. Ama anaacha vidonge siku ya 2 kwa kuwa homa imeshuka, ama anamaliza dozi vizuri, halafu wiki ya 3 akijikuta bado anakohoa anarudi dukani kutafuta dawa "kali zaidi".

Kwa nini mapafu yachelewe hivyo wakati mdudu ameshakufa? Mapafu yana vifuko vya hewa mamia ya milioni. Bakteria wanapoingia, vifuko hujaa maji, damu kidogo na chembe za kinga, na sehemu iliyoshambuliwa hukakamaa mpaka madaktari wa kale waliopasua maiti wakaandika kwamba pafu limegeuka kama ini. Antibiotiki huua bakteria. Haichoti uchafu uliobaki. Kazi hiyo hufanywa na chembe za mwili, kifuko baada ya kifuko, na mengine hupandishwa juu kwa kikohozi. Kikohozi cha wiki ya 2 mara nyingi ni fagio tu.

Ndiyo maana picha ya eksirei nayo huchelewa. Mtu anajisikia mzima, anapiga picha, doa bado lipo. Kwa wengi doa hufutika ndani ya wiki 6 hadi 12, na mzee huchukua muda zaidi. Kupiga eksirei kila wiki ili "kuona kama imeisha" ni kupoteza fedha. Anayepaswa kurudia picha baada ya wiki 6 ni yule ambaye dalili zake hazijaondoka, au aliyepita miaka 50, au mvutaji wa sigara, maana nyuma ya nimonia huweza kujificha saratani.

Je, wajua kwamba kipimo cha kwanza cha nimonia ya mtoto hakihitaji maabara? Ni kuhesabu pumzi. Chini ya umri wa miezi 2: pumzi 60 au zaidi kwa dakika ni hatari. Miezi 2 hadi 11: 50. Mwaka 1 hadi 5: 40. Pandisha nguo juu ya kifua, mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi, kisha tazama tumbo na kifua vikipanda na kushuka. Hesabu dakika nzima. Wapo wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha mara 4. Mtoto mchanga hupumua kwa mtindo wa kwenda mbio, kusita, kwenda tena, kwa hiyo hesabu ya mkato hudanganya. Saa ya simu ya kitochi inatosha kabisa.

Ukiona sehemu ya chini ya kifua inabonyea ndani kila mtoto anapovuta pumzi, hiyo ni hatua nyingine. Zamani mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulitaka mtoto huyo alazwe. Mwaka 2014 ukabadilishwa: kama hana dalili za hatari, amoksilini ya kunywa nyumbani inatosha, na arudishwe kuonwa baada ya siku 3. Kwa mama wa Haydom mjini, penye hospitali, badiliko hilo ni unafuu. Kwa mama wa bonde la Yaeda Chini, ambako Wahadzabe na majirani zao wako mbali na wodi yoyote, huenda likawa ndilo linaloamua kama mtoto atapata tiba au la.

Dalili za hatari, zikaririwe: hawezi kunywa wala kunyonya; anatapika kila anachopewa; amepata degedege; amelegea au haamki. Hata moja tu ikionekana, usisubiri siku ya 3. Na kichanga wa chini ya miezi 2 mwenye dalili ya nimonia ni wa hospitali moja kwa moja, kama alivyo mtoto mwenye utapiamlo mkali.

Je, wajua mtoto wa miaka 2 anapaswa kutoka zahanati na vidonge vingapi? Kwa kidonge cha amoksilini cha miligramu 250 kinachoyeyuka majini, mtoto wa kilo 10 hadi 14 hupewa 2 asubuhi na 2 jioni kwa siku 5. Jumla 20. Wa miezi 2 hadi mwaka 1, 1 asubuhi na 1 jioni, jumla 10. Ukihesabu ukakuta 12 pale palipotakiwa 20, uliza kabla hujaondoka dirishani. Kidonge huwekwa kwenye kijiko chenye maji safi kidogo au maziwa ya mama, kikilainika mtoto anameza. Hakuna chupa ya kutikisa wala ya kuvunjika njiani kwenye bodaboda.

Septrini je? Ndiyo iliyokuwa dawa ya nimonia ya watoto kwa miaka mingi vituoni. Amoksilini imechukua nafasi yake kwa sababu inafanya kazi vizuri zaidi. Ukinyimwa septrini hujapunjwa.

Je, wajua kwamba utafiti wa Lilongwe, Malawi, uliochapishwa mwaka 2020, uligundua kwamba amoksilini ya siku 3 haikuzidiwa na ya siku 5 kwa watoto waliokuwa wakibonyea kifua? Najua msomaji gani anatabasamu hapo. Watoto wale walichaguliwa: hawakuwa na virusi vya UKIMWI wala dalili za hatari, na walifuatiliwa na watafiti hatua kwa hatua. Wako hafuatiliwi na mtu zaidi yako. Uliyoandikiwa ni 5, maliza 5.

Anayetaka kujua dozi iliyokatika hufanana vipi, asome habari za polisi wa Oxford aitwaye Albert Alexander. Februari 1941 alikuwa mgonjwa wa kwanza kutibiwa kwa dhati kwa penisilini. Hakuwa na nimonia bali maambukizi yaliyoanzia usoni yakasambaa mwilini. Ndani ya siku moja akaanza kupata nafuu, homa ikashuka, hamu ya chakula ikarudi. Tatizo: penisilini yote iliyokuwapo ilikuwa ndogo mno. Madaktari wakafikia kukusanya mkojo wake ili waitoe dawa humo na kumrudishia. Siku ya 5 ikaisha kabisa. Bakteria waliobaki wakainuka tena, na tarehe 15 Machi akafariki. Alexander alikosa dawa kwa sababu duniani haikuwapo. Sisi tunaiacha juu ya kabati.

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom ilifunguliwa mwaka 1955, miaka 14 tu baada ya kifo hicho. Kwa maneno mengine, nimonia iliyoletwa pale kwa machela tangu siku za mwanzo ilikutana na zama za antibiotiki. Leo hospitali ina vitanda zaidi ya 400.

Kabla ya zama hizo? Familia ilisubiri. Karibu siku ya 7 homa ilikatika ghafla kwa jasho jingi, au mgonjwa akafa. Kisha zikaja salfa: Winston Churchill, waziri mkuu wa Uingereza, aliugua nimonia huko Tunisia, Desemba 1943, akatibiwa kwa vidonge vya salfa, dawa iliyotangulia penisilini mahospitalini.

Je, wajua kwamba Haydom ni mojawapo ya sehemu 8 duniani zilizotumika kuhesabu antibiotiki wanazomezeshwa watoto wadogo? Utafiti huo uliwafuata watoto zaidi ya 2,100 tangu kuzaliwa hadi miaka 2, katika nchi 8 zikiwamo India, Peru na Afrika Kusini. Wastani wa jumla: dozi 4.9 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Karibu dozi 10 kabla hajatimiza miaka 2! Baadaye, hapo hapo Haydom, watoto 1,188 waliingizwa kwenye jaribio la kuona kama antibiotiki aina ya azithromaisini na dawa ya minyoo na vijidudu vya tumbo zitawasaidia kurefuka. Hazikuwasaidia.

Na homa nyingi za watoto wala si nimonia. Dar es Salaam na Ifakara walichunguzwa watoto 1,005 wenye homa, matokeo yakatoka 2014. Zaidi ya 6 kati ya 10 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa. Kati ya hao, waliothibitika kwa eksirei kuwa na nimonia ni 5 tu katika kila 100. Waliobaki, wengi wao walikuwa na virusi, na kirusi hakijali amoksilini.

Hata waliolazwa wakiwa na nimonia ya kweli, si wote wana bakteria. Utafiti wa nchi 7, Kilifi ya Kenya ikiwamo, uliochapishwa 2019, ulikadiria kwamba virusi vilisababisha 61 kwa kila 100 na bakteria 27. Basi kwa nini wote wapewe antibiotiki? Kwa sababu kitandani hakuna kipimo cha haraka kinachowatenga kwa uhakika, na kumkosea mwenye bakteria ni kumzika.

Je, wajua kwamba oksijeni ni dawa, ina kipimo, na hukosekana? Mtoto ambaye kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni ya damu kinaonyesha chini ya 90 kwa 100 anaihitaji sasa hivi. Kule Papua New Guinea, nchi nyingine ya milima, hospitali zilipopewa vifaa vya kidoleni na mashine za kuchuja oksijeni kutoka hewani, vifo vya watoto kwa nimonia vilipungua kwa 35 kwa kila 100. Mashine hiyo haina maajabu: inavuta hewa ya kawaida, inazuia naitrojeni, inatoa oksijeni ya takribani 90 hadi 95 kwa 100. Inachotaka ni umeme usiokatika. Ningekuwa diwani, ningeuliza swali la umeme wa kituo cha afya kabla ya swali la rangi ya jengo.

Kifaa cha kidoleni kimejengwa juu ya kanuni iliyobuniwa na Mjapani Takuo Aoyagi miaka ya 1970. Kina kasoro inayotuhusu: kwenye ngozi nyeusi huweza kutaja namba kubwa kuliko ukweli. Utafiti wa Marekani wa 2020 ulikuta wagonjwa weusi walikuwa na upungufu wa oksijeni uliofichwa na kifaa karibu mara 3 zaidi ya weupe. Namba ikisema 93 na mtoto anahema kwa shida, amini macho.

Mtoto aliyelazwa kwa nimonia kali huchomwa ampisilini pamoja na jentamaisini kwa siku 5 au zaidi. Zisipofua dafu, seftriaksoni. Watu wengi huomba tiba ianzie kwa seftriaksoni, kwa imani kwamba sindano ya bei ndiyo sindano. Kwa wengi si lazima.

Je, wajua kwamba chanjo ya kuzuia nimonia ilizinduliwa Tanzania mwishoni mwa 2012 na kuanza kutolewa kliniki 2013? Ni ile ya wiki ya 6, 10 na 14, bure, iko kwenye kadi. Kabla yake, mwaka 2009, ilikuja chanjo ya vitano kwa pamoja, inayokinga bakteria mwingine wa nimonia aitwaye Hib. Kilifi walifuatilia kilichotokea baada ya Kenya kuanza chanjo kama ile ya nimonia mwaka 2011: kwa watoto wa chini ya miaka 5, maradhi makali ya aina za bakteria zilizomo kwenye chanjo yalipungua kwa 92 kwa kila 100. Chanjo haizuii kila kikohozi, na mama anayesema "mbona alichanjwa na amekohoa" anastahili jibu hilo bila kudhihakiwa.

Nyumba ya tembe ni hodari kwa baridi ya Juni. Moto ukiwa ndani, watoto na ndama wakiwa ndani, moshi nao hauna pa kwenda. Moshi wa jikoni karibu huongeza maradufu hatari ya mtoto kupata nimonia. Lakini sikiliza hili: Malawi waligawa majiko sanifu, wakawafuatilia watoto 10,750, matokeo yakatoka 2017, na nimonia haikupungua. Jiko moja bora ndani ya moshi wa takataka, tumbaku na majirani halikutosha. Mimi bado ningetoboa dirisha.

Kwa wafugaji wa Hanang: kuna homa inayotoka kwa mbuzi, kondoo na ng'ombe, hasa wakati wa kuzaa, iitwayo homa ya Q. Huweza kushambulia mapafu, na amoksilini haiiwezi. Dawa yake ni doksisaiklini. Mjini Moshi, watafiti walichunguza wagonjwa 870 waliolazwa na homa. Madaktari walidhani malaria kwa zaidi ya nusu yao. Waliokuwa nayo kweli? 14. Waliougua maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikuwa karibu robo. Ukifika hospitali na homa na kikohozi, mwambie daktari kwamba wiki 2 au 3 zilizopita ulimzalisha ng'ombe. Hatabahatisha.

Vitunguu saumu vya Mbulu vinasifika mpaka Kariakoo. Tia kwenye mchuzi. Havitibu nimonia. Asali hutuliza koo la anayekohoa, lakini usimpe mtoto wa chini ya mwaka 1, maana huweza kubeba vijidudu vyenye sumu kwake.

Kukata kimeo hakutibu kikohozi. Kunatoa damu, kunaingiza vijidudu, na kunamchelewesha mtoto siku ambazo hana. Kung'oa "meno ya nailoni" ni vivyo hivyo.

Anayenusurika kwenye mafuriko ya tope, kama yale ya Desemba 3, 2023 yaliyoshuka kutoka Mlima Hanang na kuua watu wasiopungua 80 Katesh na vijiji jirani, huweza kuugua nimonia siku chache baadaye kwa maji machafu yaliyoingia mapafuni. Asiseme "mimi sikuumia".

Je, mtu mzima arudi lini kwenye mashamba ya ngano ya Basotu? Kazi ya kukaa, wengi huiweza baada ya wiki 1 au 2 homa ikishakwisha. Kubeba magunia ni jambo jingine. Anza nusu siku, na ukijikuta unasimama kila baada ya hatua chache kutafuta pumzi, rudi nyumbani. Papa Francis, mwenye miaka 88, alilazwa Roma tarehe 14 Februari 2025, akawa na nimonia ya mapafu yote mawili, akaruhusiwa baada ya siku 38, na bado madaktari walimwambia apumzike walau miezi 2. Alifariki Aprili 21 kwa kiharusi. Mzee wa kwetu hupewa wiki moja halafu anaulizwa mbona haendi kuchunga.

Mtoto aliyepona apewe mlo 1 wa ziada kila siku kwa wiki 2. Kilo alizopoteza huku akihema hazirudi kwa uji mwepesi.

Ni kweli kikohozi cha nimonia huchelewa kuisha, lakini kilichopita wiki 2, hasa kikiambatana na jasho la usiku na kukonda, kipimwe kifua kikuu. Makohozi hupimwa bure. Hili linawahusu zaidi vijana waliorudi kutoka migodi ya tanzanite Mirerani, mkoa huu huu wa Manyara, kwa sababu vumbi la mwamba hukifungulia kifua kikuu mlango.

Na nimonia inayorudi upande ule ule wa kifua, dawa ikimaliza inarudi, dawa ikimaliza inarudi? Kumbuka kama miezi iliyopita mtoto alipaliwa ghafla akicheza wakati wa kupukuchua mahindi. Punje moja ikinasa kwenye bomba la hewa, hakuna antibiotiki itakayoitoa. Mwambie daktari hilo kwa maneno hayo hayo, naye ataandika rufaa ya kwenda kwenye hospitali yenye kifaa cha kuivuta.